Jenereta Ilikuwa Wapi?

Kwenye laptopu yangu kuna faili mbili za sauti ya nyanya yangu. Ya kwanza ni ya dakika 6. Anaimba wimbo wa kupalilia wimbi, wote, mwanzo hadi mwisho, na chini ya sauti yake kuna mngurumo wa stima unaomfuata kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Ya pili ni safi. Unasikia kuku, unasikia upepo kwenye migomba, unasikia hata anavyovuta pumzi. Lakini kwenye hiyo ya pili wimbo unakatika katikati.

Kuna ya tatu, ambayo si yangu. Ilirekodiwa mwaka wa 1950 Kapkatet, safari fupi ya boda kutoka kwa nyanya, na mtu aliyekuja na gari limejaa mashine. Wasichana wa Kipsigis wanaimba. Rekodi ni safi, na wimbo uko mzima. Yaani zaidi ya miaka 70 iliyopita, vijijini ambako hakukuwa na nguzo ya stima, mtu alifaulu pale nilipofeli mimi mwenye laptopu, intaneti na video elfu moja za kunifundisha. Nimeisikiliza rekodi hiyo kwa miezi nikiwa na swali moja la kijinga: jenereta ilikuwa wapi? Mbona siisikii?

Nilisomea uhandisi wa umeme mwaka mmoja na nusu, kisha karo ikanirudisha nyumbani. Kwa hivyo sina cheti cha kukujibu. Nina historia kidogo, na nina makosa yangu mwenyewe.

* * *

Tuanze na wakati ambapo kurekodi hakukuhitaji stima hata kidogo. Uliimba ndani ya pembe kubwa ya bati, nguvu ya sauti yako ikatikisa sindano, sindano ikachora nta. Mwaka wa 1925 kampuni kubwa za santuri zikaanza kutumia maikrofoni na vikuza sauti. Sauti ilipendeza kuliko zamani: mnong'ono ulisikika, udi ulisikika, pumzi ilisikika. Lakini sasa studio ilikuwa kitu cha waya, valvu na betri nzito, na kitu kama hicho hakipandi punda.

Hata hao mafundi wa studio hawakuiamini stima kwa kila kazi. Kwa miaka mingi, sahani ya kurekodia ilizungushwa na chuma kizito kilichoshuka polepole kwa kamba, kama saa za ukutani za kale. Sababu ni rahisi. Stima hupanda na kushuka, na mota ikipunguza mwendo hata kidogo, wimbo unabadilika. Uzito wa chuma haubadiliki.

Kwa sababu mashine zilikuwa nzito, ilibidi watu wazifuate. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kwenda kurekodi. Fikiria hiyo safari: wiki nzima na zaidi majini ili uimbe dakika chache mbele ya maikrofoni. Mwaka uliofuata, kijana mmoja Mwingereza aliyekuwa amekuja kulima tumbaku katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe aliwachukua vijana 14 Wakaranga na kuwasafirisha takriban kilomita 800 hadi Johannesburg. Kampuni ya Columbia ilikuwa imeleta mitambo yake huko kwa muda. Kijana huyo aliitwa Hugh Tracey. Kumbukumbu ya jina hilo tutaihitaji.

Ukitaka kuelewa kwa nini ilikuwa lazima kusafiri, angalia stima yenyewe ilikuwa wapi. Kenya Power husimulia historia yake ikianzia kwa jenereta ya Sultani Bargash wa Zanzibar, iliyonunuliwa mwaka wa 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Mwanzo wetu wa stima, kwa simulizi hiyo, ni mashine iliyohamishwa kwa bahari. Lakini ilipofika ilitulia mjini, na mjini ndiko stima ilikokaa. Mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulianza mwaka wa 1973. Kwa hivyo mtu aliyetaka kurekodi sauti kijijini mwaka wa 1950 alikuwa na njia mbili tu: ahamishe waimbaji, au ahamishe stima.

* * *

Tracey aliamua kuhamisha stima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kanda za sumaku zilikuwa zimeanza kuenea, na kanda ilikuwa rahisi kubeba kuliko sahani za nta. Akisaidiwa na kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg, alipata gari, akalijaza mashine za kurekodia, akachukua na jenereta ya kuzilisha. Mwaka wa 1950 akazunguka Afrika Mashariki nalo. Akafika Kapkatet.

Wimbo maarufu aliouchukua hapo unaitwa Chemirocha. Ziko rekodi tatu zenye jina hilo; inayojulikana zaidi ni ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Jina lenyewe lina kisa. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933. Santuri zake zilifika hadi kwenye vilima vya Kipsigis, watu wakazisikiliza, na jina lake likatahiriwa kwa Kikalenjin: Chemirocha. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwazia kama kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Kinachonigusa mimi katika kisa hiki ni mambo ya nguvu. Gramafoni za siku hizo, zilizotembezwa vijijini, zilizungushwa kwa mkono. Unatia ufunguo, springi inakaza, santuri inazunguka, hakuna waya. Sauti ya Jimmie Rodgers iliingia Kapkatet bila kuhitaji stima. Sauti ya Chemutoi Ketienya haingeweza kutoka Kapkatet bila stima. Kusikiliza santuri kulihitaji mkono tu. Kuwasikiliza hao wasichana, kwa namna ambayo dunia nzima ingewasikia, kulihitaji mashine inayonguruma.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Jenereta ni injini, na injini hupiga kelele. Ukiiweka karibu na maikrofoni, umerekodi injini inayosindikizwa na wasichana. Kanuni ya kazi hiyo ni ile ile mpaka leo: jenereta mbali, waya mrefu, na kama kuna nyumba, kichuguu au kilima, iweke nyuma yake. Ukiisikiliza Chemirocha kwa vipokea sauti vya masikio, unasikia wasichana, unasikia kinubi, unasikia ule uwazi wa mahali. Injini huisikii. Mtu fulani siku hiyo alifikiria kuhusu upepo, umbali na urefu wa waya kabla mtu yeyote hajafungua mdomo kuimba.

Kelele ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni mwendo. Jenereta nyingi za aina hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika ili kutoa stima inayopiga mara 50 kwa sekunde, na mashine nyingi za kanda za wakati huo zilikuwa na mota zinazofuata pigo hilo kama mcheza ngoma. Tuseme injini imechoka, ikashuka hadi mizunguko 1,450. Mota ya kanda nayo inapungua mwendo kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Baadaye ukiicheza kanda hiyo mjini kwa mwendo sahihi, wimbo unasikika wa haraka zaidi na wa juu zaidi, kiasi cha nusu ya hatua kutoka kibonye cheupe cha kinanda hadi cheusi cha pembeni. Si kitu kikubwa, utasema. Lakini kama umekuja kujifunza jinsi Wakipsigis wanavyotega nyuzi za chepkong'o zao, umerudi nyumbani na uongo, na aliyeusema ni dizeli.

Tracey alijali sana jambo la kupima sauti. Alisafiri na seti ya uma za chuma 54, ukigonga mmoja unatoa sauti yake moja tu, na kwa hizo alipima mitego ya ala alizokutana nazo. Uma hauhitaji stima. Uligonge asubuhi au jioni, Kapkatet au Johannesburg, jibu ni lile lile. Napenda kumwazia mtu mwenye gari zima la mashine za umeme, na mfukoni kipande cha chuma kisichotegemea mashine yoyote.

* * *

Gari la Tracey halikuwa la kwanza kupita kwenye barabara zetu na stima yake yenyewe. Kulikuwa na magari ya sinema. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, kwa pesa za Carnegie Corporation ya New York. Walitengeneza filamu za kufundisha, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Maelezo ya filamu yaliwekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Mwaka wa 1939 Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, na magari ya sinema yakaenea kwenye makoloni yake ya Afrika: projekta, skrini, spika, jenereta. Wakati wa Hali ya Hatari hapa Kenya, kuanzia 1952, magari ya namna hiyo yalipeleka maneno ya serikali vijijini.

Kwa macho, gari la sinema na gari la Tracey ni ndugu. Yote mawili yamekatwakatwa ndani yakatiwa rafu, yote yana jenereta, yote yana mzungu anayetoa maagizo na Waafrika wanaobeba vitu. Lakini kwa fundi wa umeme ni magari tofauti kabisa. Gari la sinema lina spika. Jenereta ikinguruma, unaongeza sauti, mambo yanaendelea. Hata wale wanaokaa nyuma wakilalamika, watakuwa wamesikia ujumbe. Gari linalosema linaweza kuvumilia kelele ya stima yake. Gari linalosikiliza haliwezi.

Sentensi hiyo ningeijua mapema, nisingekuwa na faili mbili.

* * *

Gari letu ni Hiace. Beshte yangu, ambaye ni fundi wa sauti na aliyebaki chuoni mpaka mwisho, alilinunua kutoka kwa mjomba wake likiwa limestaafu kazi ya matatu. Tulitoa viti 14, tukaweka povu kwenye kuta, meza, laptopu mbili, maikrofoni. Studio ya kutembea. Mpango ulikuwa kuzunguka kurekodi wazee, na nikasema tuanze na nyanya yangu, ambaye tunamwita Kogo, kwa sababu alikuwa amekubali kuimba, na kwa sababu alikuwa mzee.

Utauliza kwa nini tusitumie stima ya nyumba. Kwanza, siku hiyo haikuwepo. Pili, Kogo alikataa kuimba ndani ya mabati. Wimbo wa kupalilia huimbiwa shambani, akasema, na akatuonyesha mteremko wa chini, karibu na mto, ambako walikuwa wakipalilia akiwa msichana. Hakuna waya unaofika huko.

Sasa, matatu ina historia yake ya stima. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, na kutoka hapo muziki na matatu vikawa mke na mume. Kilichowezesha ndoa hiyo ni alteneta. Magari ya zamani yalikuwa na dainamo, ambayo gari likisimama na injini ikinguruma polepole haichaji karibu chochote. Miaka ya 1960 watengenezaji wakaanza kuhamia alteneta, Chrysler wakitangulia mwaka wa 1960 kwa gari lao la Valiant, na alteneta huendelea kutoa stima hata gari likiwa limekwama. Bila hiyo, jam ya Thika Road ingezima kila spika kabla ya Roysambu. Mafundi wa mtaani wakajenga juu ya hapo: betri ya ziada, inverta, skrini, taa za rangi, spika inayotikisa figo. Waya zetu za Hiace zilikuwa urithi wa ufundi huo. Gari lilikuwa limefundishwa kusema kwa miaka 15.

Nasi tukaliambia lisikilize.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Laptopu mbili, wati 120. Taa na vifaa vya sauti, wati 40. Feni, kwa sababu ndani kulikuwa moto, wati 40. Jumla 200. Betri ilikuwa N70 ya kawaida: volti 12 mara saa-ampea 70 ni wati-saa 840. Tukaona tuna masaa manne. Nikajisikia mhandisi.

Lakini betri ya gari haijatengenezwa kumwagwa mpaka chini. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena. Ukiitumia zaidi ya nusu unaiua. Kwa hivyo 840 ni 420. Inverta nayo hula sehemu yake ikigeuza volti 12 kuwa 240, ikabaki kama 350. Gawa kwa 200. Saa moja na dakika 45, kwa betri mpya, na yetu haikuwa mpya. Kufikia wakati Kogo amemaliza kunywa chai, kusalimiana na majirani waliokuja kuona gari, na kuteremka mteremko kwa mkongojo, inverta ilikuwa imeanza kulia.

Basi tukafanya ambalo kila dereva wa matatu angefanya. Tukawasha injini.

Kogo aliimba. Mara ya kwanza alicheka akaanza upya. Mara ya pili akafunga macho, akaenda nao mpaka mwisho, na jirani mmoja wa rika lake akaitikia kwa mbali. Dakika 6. Hatukuwa tumewahi kuusikia wimbo huo mzima. Mamangu hakuwa ameusikia mzima.

Jioni tukasikiliza. Kulikuwa na kelele tatu. Ya injini yenyewe, kwa mbali, kama tulivyotarajia. Ya alteneta, mluzi mwembamba ulioingia kwa waya na kupanda kila gari lilipobadilisha pumzi. Na kubwa kuliko zote, mngurumo wa inverta. Tulikuwa tumeinunua Luthuli kwa bei nzuri, na inverta za bei nzuri hazitoi wimbi la stima lililo laini. Hutoa wimbi lenye ngazi, na kila ngazi ni kona inayopiga kelele kwenye vifaa vya sauti. Tungekuwa na spika, hakuna ambaye angesikia. Maikrofoni ilisikia yote.

Beshte yangu alijaribu kuchuja. Programu inaweza kuondoa mngurumo, ndiyo. Lakini sauti ya Kogo ni nzito, na kila kichujio kilipoondoa stima kiliondoa na kifua chake. Alibaki akisikika kama mtu anayepiga simu kutoka ndani ya debe. Tukarudisha faili kama ilivyokuwa.

* * *

Ilituchukua miezi 14 kurudi. Ilibidi tutafute doo. Mimi niliandika makala za watu wengine, yeye akapiga shoo za harusi. Tulinunua betri ya lithiamu ya saa-ampea 100, ambayo unaweza kutumia karibu yote bila kuiharibu, na tukaifunga mbali na ya gari kabisa, kila moja na waya wake. Paneli ya sola juu ya paa. Laptopu tukaziacha Nairobi. Tukachukua kirekodi kidogo kinachokula volti 5 tu, bila inverta. Feni hakuna. Kutoka wati 200 tukashuka hadi chini ya 10. Kumbe siri haikuwa kuongeza stima. Ilikuwa kuhitaji kidogo.

Wazee wa kijiji hicho walilijua hilo zamani. Kogo alipoiona betri mpya aliuliza, "Hiyo siku hizi mnaichajia wapi?" Miaka ya tisini babu alikuwa na televisheni ndogo ya rangi mbili, Great Wall, na betri ya gari. Betri ilipanda matatu hadi Litein kuchajiwa, ikarudi na matatu nyingine. Familia nyingi za Kenya ziliishi hivyo, na ndizo zilizokuwa wateja wa kwanza wa paneli za sola zilizoanza kuuzwa mashambani katikati ya miaka ya 1980. Babu alikuwa na sheria: habari za jioni, basi, zima. Mchezo wa kuigiza ni Jumapili. Bila kuhesabu wati hata moja, alikuwa mhandisi kuliko mimi.

Tulifika asubuhi. Gari tukaliacha juu barabarani, limezimwa. Tukateremka na kirekodi mkononi na waya mrefu. Kimya kilikuwa cha kutisha. Nilisikia kwenye masikio yangu kuku wa jirani wa tatu.

Kogo akaanza. Sauti ilikuwa imepungua kidogo, si sana. Akafika pale wimbo unapogeuka, mahali ambapo mwimbaji hutaja majina ya wenzake mmoja mmoja, na akanyamaza. Nikadhani anapumua. Akarudia mstari wa nyuma, akafika pale pale, akanyamaza tena. Akaniangalia, akacheka kidogo kwa aibu, akasema yamemtoka. Tukangoja. Jirani aliyeitikia mara ya kwanza tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu. Hakukuwa na wa kumkumbusha.

Nilizima kirekodi. Betri ilikuwa bado asilimia 97.

* * *

Miaka ya katikati ya 2010, rekodi za 1950 zilirudi Kapkatet. Mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul Music ya Nairobi ni mshirika wake, ulishirikiana na ILAM, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka wa 1954 ambayo sasa iko chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kuwarudishia watu sauti zao. Kwa zaidi ya miaka 60 wimbo huo ulikuwa umesikika sehemu nyingi za dunia kabla ya kusikika tena kwa mashine kule ulikotoka. Unaweza kuwa na maswali mengi kuhusu nani alichukua nini na kwa faida ya nani, na ni maswali ya haki. Mimi ninayo. Lakini nikiwa na faili zangu mbili, siwezi pia kukana kwamba rekodi ile iko, nzima, na kwamba iko kwa sababu mtu alitembea na jenereta mpaka mahali ambapo haikusikika.

Lebo ya santuri ina jina la Tracey na jina la Chemutoi Ketienya. Aliyekaa na jenereta hayumo. Nikisikiliza siku hizi ni yeye ninayemtafuta: ameketi upande wa pili wa kilima, mkono mmoja karibu na kabureta au pampu, anasikiliza mizunguko isishuke, na katika watu wote wa siku hiyo ni yeye peke yake ambaye hausikii wimbo.

Jioni ya safari ile ya pili, kabla hatujaondoka, nilimwekea Kogo faili ya kwanza kwenye simu. Sikutaka, nilimwonea aibu ile kelele. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Alipofika pale pa majina alitikisa kichwa taratibu, jina baada ya jina, kama mtu anayeitwa kwenye orodha. Wimbo ulipoisha akauliza huyo anayemwitikia chini chini ni nani.

Nikamwambia ni gari.

"Basi liambieni linakosea," akasema, akataka tuanze tena.